Tusihadaiwe na neno 'kamili' tununuapo balbu

Mnunuzi wa leso katika mtaa wa Biashara mjini Mombasa haiamini taa ya dukani. Huitwaa leso aliyoipenda, akatoka nayo hadi mlangoni penye jua, akaitazama upya, ndipo akatoa pesa. Ada hii haikutokana na shaka ya bure. Nyekundu inayowaka juani huweza kufifia chini ya taa na kuelekea rangi ya udongo. Walimu wenzangu wanaosahihisha insha usiku bila shaka wamekwisha kuona jinsi wino wao mwekundu unavyogeuka kahawia.

Aghalabu lawama huiangukia balbu ya LED ya bei nafuu, nayo inastahili. Hata hivyo, yafaa tuelewe kisa chake. Balbu ya zamani, ile ya nyuzi, hutoa mwanga kwa sababu uzi mwembamba wa tangsteni hupashwa moto hadi kufikia kiasi cha kelvini 2,700. Kitu kilichopata moto wa kadiri hiyo hutoa rangi zote za upinde wa mvua, kuanzia urujuani kidogo hadi nyekundu tele, bila kuiruka hata moja. LED haifanyi hivyo. Ndani yake mna kipande kidogo kitoacho mwanga wa buluu, na juu yake hupakwa unga maalumu ambao huinywa sehemu ya buluu hiyo na kuirudisha ikiwa ya manjano. Rangi hizo mbili zikichanganyika, jicho hudhani limeona nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliovumbua LED ya buluu, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2014, na hapana atakayewanyima sifa yao. Lakini katika mwanga huo buluu huinuka kama mlima, baina ya buluu na kijani pana bonde, na nyekundu iliyokolea hubaki haba.

Mwalimu wa sayansi aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili pasipo maabara. Na achukue sidii kuukuu, aiinamishe usiku chini ya balbu ya nyuzi. Ataona rangi zimeshikana kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiipeleka chini ya zile taa za mirija iliyojipinda zilizoenea kabla ya LED, rangi zitakatikatika. Chini ya LED zitashikana tena, ila mbele kidogo ya buluu pataonekana pamefifia.

Wataalamu hupima uaminifu wa rangi kwa alama ambazo upeo wake ni 100. Balbu ya nyuzi huipata 100 hiyo au ikaikaribia mno, ilhali LED nyingi za kawaida hupata 80 hivi. Tena hiyo 80 ina hila, kwani ni wastani wa rangi nane zilizopauka. Nyekundu iliyokolea haimo. Hupimwa kando kwa alama iitwayo R9, na balbu yenye 80 huweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri. Huko ndiko wino wa mwalimu unakozama.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, lililonishughulisha zaidi ni maneno yanayouziwa mwanga huu. Chukua neno 'wati'. Hiki ni kipimo cha umeme unaoliwa, wala si cha mwanga utokao, ambao hupimwa kwa lumeni. Lakini kwa kuwa tulizoea kuagiza 'balbu ya wati 60', neno hilo lilihama maana, na leo pakiti ya LED ya wati 9 hujinadi kuwa ni 'sawa na wati 60'. Au tazama maneno 'joto' na 'baridi'. Mwanga wenye umanjano wa kelvini 2,700 huitwa wa joto, na ule wenye ubuluu wa kelvini 6,500 huitwa baridi, ingawa mhunzi yeyote ajua kwamba chuma huanza kwa wekundu na kuelekea weupe kadiri moto unavyozidi.

Ila neno lililonishangaza kupita yote ni 'kamili'. Kwa miaka mingi, mtu aliyetafuta balbu ya nyuzi yenye wigo kamili wa rangi huko Marekani na Ulaya aliuziwa balbu ya kioo chenye usamawati kilichotiwa neodimiamu. Kioo hicho hunywa sehemu ya manjano, na kwa hivyo nyekundu na kijani huonekana zimetakata. Mwanga wake unapendeza, sikatai, na wachoraji wengi waliupenda. Lakini ni mwanga uliopunguzwa, na alama yake ya uaminifu hushuka chini ya 100. Kilichoitwa kamili ndicho kilichopungua, ilhali balbu ya kioo kitupu, isiyojisifu kwa lolote, ilikuwa nayo rangi yote.

Balbu hiyo ilifukuzwa kwa sheria. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa zile za wati 100 Septemba 2009, ukamaliza nyinginezo mwaka wa 2012, na 2018 ukazifuata nyingi za halojeni. Marekani ilitunga sheria yake mwaka wa 2007, na kuanzia Agosti 2023 ikashurutisha kwamba balbu ya kawaida itoe lumeni 45 kwa kila wati. Balbu ya nyuzi ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, yaani hazifiki 15 kwa wati. Sehemu kubwa mno ya umeme wake hupotea ikiwa joto. Hoja hiyo ni nzito. Ukiiwasha saa tano kila usiku kwa siku 30 itakula yuniti 9, na LED ya wati 9 itakula moja na kitu. Mzazi anayenunua tokeni kwa shilingi hamsini hamsini hana la kujadili hapo, nami siwezi kumshauri airudishe ile ya zamani sebuleni. Ninacholalamikia ni kwamba mizani ilipima lumeni na wati, na uaminifu wa rangi haukutiwa uzito uliostahili.

LED zenye alama 95 na zaidi zipo, na zinamfaa msomaji. Tatizo ni kuzitambua. Katika duka moja nilizisoma pakiti kumi na moja. Tisa hazikutaja alama hiyo kabisa, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno la Kiswahili, ilhali Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi. Shirika la ukadiriaji wa ubora wa bidhaa lingeweza kushurutisha nambari tatu zichapishwe kwa Kiswahili: lumeni, kelvini na uaminifu wa rangi, pamoja na R9. Hapo neno 'kamili' lingeweza kuulizwa ushahidi wake.

Kwa meza yangu ya kusomea nilitaka balbu moja tu ya nyuzi, ya kioo kitupu. Nilizunguka Luthuli Avenue jijini Nairobi asubuhi nzima. Hata zile sheria za ng'ambo zilibakiza balbu za ndani ya jiko na za jokofu, kwa kuwa LED haistahimili joto la jiko, lakini hizo ni ndogo na hafifu. Mwishowe kijana mmoja alipanda ngazi, akashuka na kijisanduku chenye vumbi.

"Mzee, hizi siku hizi huulizwa na wafugaji," akaniambia. (Nami sijatimu hamsini.)

Ile hasara ya joto iliyozifukuza Ulaya ndiyo iliyozihifadhi huku, maana kifaranga wa siku moja ahitaji kupashwa joto. Alipokuwa akinifungia mbili kwenye gazeti aliniuliza nina vifaranga wangapi. Nikamjibu sina hata mmoja. Nina karatasi mia mbili za mtihani.