Uzito Ukigoma Kushuka: Namna ya Kupiga Upya Hesabu ya Kalori

Watu wengi wanaopunguza uzito kwa mazoezi na mlo hufika mahali mizani ikagoma. Wiki za mwanzo kilo hushuka haraka, nguo hulegea na watu huanza kuuliza siri. Kisha, mara nyingi ndani ya nusu mwaka wa kwanza, uzito husimama ingawa mazoezi yanaendelea vilevile. Wapo wanaoongeza saa za kukimbia, wapo wanaoruka mlo wa usiku, na wapo wanaokata tamaa wakaacha kila kitu. Hatua inayofaa kutangulia zote hizo ni kupiga hesabu upya, kwa sababu namba za siku ya kwanza hazimhusu tena mtu aliyekwisha kupungua.

Kwanza ihakikishwe kwamba uzito umekwama kweli. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache bila mafuta ya mwilini kuongezeka wala kupungua. Kinachobadilika ni maji. Chakula chenye chumvi nyingi huzuia maji mwilini. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji yanayokaribia mara tatu ya uzito wake, ndiyo maana kilo za wiki ya kwanza huondoka upesi na hurudi upesi baada ya karamu ya pilau. Misuli iliyoanza zoezi jipya huvimba kidogo, na kwa wanawake siku zinazotangulia hedhi huongeza maji. Kwa hiyo kupima mara moja kwa wiki kunaweza kudanganya. Ni bora mtu apime kila asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kunywa chai, kisha atafute wastani wa siku saba. Wastani huo usiposhuka kwa wiki nne mfululizo, na kipimo cha kiuno kikabaki palepale, ndipo inapofaa kusema uzito umekwama.

Sababu ya kwanza ya kukwama ni kwamba mwili mdogo unatumia nguvu kidogo. Kalori, yaani kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, hutumika hata mtu akiwa amelala: moyo unapiga, ini linafanya kazi, joto la mwili linalindwa. Kiasi hicho cha msingi hukadiriwa kwa kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa Marekani mwaka 1990. Uzito kwa kilo huzidishwa kwa 10, urefu kwa sentimita huzidishwa kwa 6.25, na majibu hayo mawili hujumlishwa. Kisha hutolewa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamume huongeza 5, mwanamke hutoa 161. Jibu huzidishwa kwa kipimo cha shughuli: 1.2 kwa anayekaa kutwa, 1.375 kwa mwenye mazoezi mepesi siku chache kwa wiki, 1.55 kwa mwenye mazoezi ya wastani siku tatu hadi tano, na 1.725 kwa anayefanya mazoezi mazito karibu kila siku.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 40, mwenye urefu wa sentimita 162, aliyeanza akiwa na kilo 92. Kalori zake za msingi ni takribani 1,572, na kwa kipimo cha 1.375 matumizi yake ya siku hufika 2,161. Akiamua kula kalori 1,700, anakuwa na pengo la kalori 461 kila siku, na pengo hilo ndilo linaloyeyusha mafuta. Baada ya miezi kadhaa amefika kilo 84. Kanuni ileile sasa inatoa matumizi ya 2,051. Pengo limepungua kwa kalori 110 bila yeye kubadilisha chochote.

Sababu ya pili ni kwamba mwili hubana matumizi. Mtu anayekula kidogo hujikuta akitembea polepole, akikaa zaidi, na hata kutapatapa kwa mikono na miguu hupungua bila yeye kujua. Mazoezi yaleyale pia humgharimu nguvu kidogo kwa kuwa mzigo anaoubeba, yaani mwili wake, umekuwa mwepesi. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha katika jarida la Lancet kwamba, kwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, kila kilo inayopungua hushusha matumizi ya siku kwa takribani kalori 24. Kwa mwanamke wa mfano wetu, kilo nane ni kama kalori 190, zikiwemo zile 110 za sababu ya kwanza. Pengo lake la 461 sasa limebaki 270 hivi.

Utafiti juu ya mwili kubana matumizi umefanyika Tanzania pia. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma karibu na Ziwa Eyasi. Watafiti waliwanywesha maji yenye alama za kikemia, kisha wakapima mkojo wao ili kujua nguvu waliyotumia kwa siku nzima. Wahadzabe hutembea sana kuliko wakazi wa mijini wa Marekani na Ulaya, lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, kalori walizotumia kwa siku hazikutofautiana na za watu hao. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana mahali pengine. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, sukari ya damu, mifupa na usingizi, ila hayafungui mlango wa kula bila kipimo.

Hata hivyo sababu hizo mbili hazitoshi kueleza kusimama kabisa, maana kalori 270 bado zingepunguza karibu kilo moja kwa mwezi. Sababu ya tatu huwa jikoni. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Steven Lichtman na wenzake juu ya watu wanene waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200. Walipopimwa, ilionekana walikuwa wakikadiria chakula chao pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na kukadiria mazoezi yao zaidi kwa asilimia 51. Umetaboli wao, yaani namna mwili unavyotumia nguvu, ulikuwa wa kawaida. Hawakuwa waongo, macho ya binadamu ni kipimo kibovu cha chakula.

Sufuria ya mchicha inaonyesha jambo hilo vizuri. Gramu 300 za mchicha mbichi zina kalori zisizofika 80. Mpishi akikaanga kitunguu kwa kumimina mafuta kutoka kwenye chupa, vijiko vinne vya chakula huingia bila mtu kustuka. Kila kijiko kina kalori 120 hivi, kwa hiyo mafuta peke yake yanaleta 480. Mboga iliyopikwa kwa ajili ya kupunguza mwili sasa ina nguvu mara saba ya ile ya mchicha wenyewe, na bado tui la nazi au karanga za kusaga hazijatiwa. Vijiko viwili tu vya ziada kwa siku, kimoja kwenye mboga ya mchana na kimoja kwenye chapati ya asubuhi, vinaleta kalori 240. Mwanamke wa mfano wetu anabaki na pengo la kalori 30, na mizani haiwezi kuzionyesha.

Mianya mingine inajulikana. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vidogo vitatu vya sukari kila kimoja vina kalori 140 na zaidi kidogo. Soda ya mililita 500 ina takribani 200, na bia ya ujazo huo haipishani nayo sana. Konzi ya karanga, gramu 30, ina kama 170. Parachichi ni chakula bora, lakini kila gramu 100 za nyama yake zina kalori 160, na maparachichi yetu makubwa huzidi kiasi hicho. Kuonja wakati wa kupika na kumalizia makombo ya watoto ni mambo ambayo hakuna anayeyaandika.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kurekebisha ni kupima chakula kwa mizani ya jikoni kwa wiki nne, bila kubadilisha ulaji. Chakula cha sufuria moja ya familia kinapimika. Viungo hupimwa vikiwa vikavu, kalori zao hujumlishwa, kisha chakula kilichoiva hupimwa uzito wake. Nusu kilo ya unga wa mahindi ina kalori 1,800 hivi. Ikitoa ugali wa kilo 1.6, kila gramu 100 za ugali huo zina kalori 112, na sahani yenye gramu 400 ina 450. Mafuta hupimwa kwa kijiko kabla ya kuingia sufuriani. Kwa vyakula vyetu yapo majedwali ya kuaminika: Tanzania ilitoa jedwali lake la virutubisho vya vyakula mwaka 2008, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Muhimbili na Taasisi ya Chakula na Lishe, na Kenya ikatoa lake mwaka 2018. Hayo yanafaa kuliko programu za simu zisizojua makande wala kisamvu.

Hatua ya pili ni kutafuta matumizi halisi kutokana na kumbukumbu hizo. Kanuni ya Mifflin na St Jeor ni makadirio. Kwa baadhi ya watu hukosea kwa asilimia 10 na zaidi. Kumbukumbu za mtu mwenyewe zina ukweli zaidi. Chukua wastani wa kalori zilizoliwa kwa siku. Zidisha kilo zilizopungua katika kipindi hicho kwa 7,700, ambazo ni kalori zinazokadiriwa kuwa katika kilo moja ya mafuta ya mwilini, kisha gawa kwa idadi ya siku. Jumlisha majibu hayo mawili. Mwanamke wetu akigundua kwamba kwa siku 28 alikula wastani wa 1,940, si 1,700 alizodhani, na akapungua gramu 100 tu, hesabu ni 770 kugawa kwa 28, yaani 28 hivi. Matumizi yake halisi ni kama kalori 1,970 kwa siku.

Hatua ya tatu ni kuchagua pengo jipya. Kalori 300 hadi 500 zinatosha kwa watu wengi. Akiondoa 400, atakula 1,570, na ategemee kupungua takribani gramu 360 kwa wiki, yaani kilo moja na nusu kwa mwezi. Kasi hiyo itapungua tena kadiri mwili unavyopungua. Kushuka chini ya kalori 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume hakufai bila usimamizi wa mtaalamu, kwa kuwa virutubisho hukosekana na misuli huliwa pamoja na mafuta.

Kalori za kuondoa zitafutwe kwanza kwenye mafuta ya kupikia, sukari na vinywaji, kabla ya kugusa maharage, samaki, mayai au mboga. Protini hushibisha na kulinda misuli. Wanaopunguza uzito mara nyingi hushauriwa kula gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, isipokuwa wenye maradhi ya figo, ambao lazima wamsikilize daktari wao. Mazoezi yaendelee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kosa la kuepuka ni kuzila kalori zinazotajwa na saa ya mkononi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017 ulipima vifaa saba vya aina hiyo, na kile kilichokuwa bora kuliko vyote katika kukadiria kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Saa nzima ya kutembea kwa haraka hutumia kalori 200 hadi 300 za ziada kwa mtu wa kilo 84, na chapati moja kubwa ya mafuta inaweza kuzirudisha zote.

Ikiwa hesabu imefanywa kwa uaminifu na uzito bado haushuki, inafaa kumwona daktari. Tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, vivimbe vingi vidogo kwenye ovari vinavyoendana na mvurugiko wa homoni, na baadhi ya dawa, zikiwemo za jamii ya steroidi, insulini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, vinaweza kuchangia. Dawa hizo zisiachwe bila ushauri. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari wasipunguze kalori kwa kujipangia, maana kwa hao wa mwisho sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Kwa wengine wote, hesabu hii irudiwe kila zinapopungua kilo nne au tano. Kabla ya kuongeza saa ya kukimbia, pima mafuta unayomimina sufuriani.