Gari ya Kifahari ya Mtumba: Bei ya Kununua Siyo Bei ya Kumiliki



Kila msimu wa pamba ukichanganya na hela ikaanza kuzunguka, linakuja swali lile lile: "Nimeona Crown inauzwa bei inayokaribia IST, nichukue?" Mwingine kaona Benz C200, mwingine BMW 320i, mwingine Range Rover ya zamani. Wanaouliza ni watu kama sisi tu, tunaouza nguo, viatu, simu na vipodozi mtandaoni. Na hela yenyewe mara nyingi siyo faida, ni mtaji. Kwa hiyo leo tuipigie hesabu kabisa.

Kanuni ya kwanza: gari inashuka bei, spea zake hazishuki

Benz iliyouzwa mpya kwa bei ya nyumba, ikifikisha miaka 15 inaweza kuuzwa bei ya gari ndogo ya kawaida. Lakini sensa, pampu na shokapu zake bado ni za gari ya bei ya nyumba. Wewe umenunua kwa bei ya sasa, ila utaitunza kwa bei ya zamani. Ukielewa hilo tu, umeelewa nusu ya somo.

Kwa nini zinauzwa rahisi?

Nyingi zinatoka Japani. Kule gari binafsi ikiwa mpya inakaguliwa na serikali ikifika miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari ikizeeka matengenezo yanaongezeka. Mwenye gari anaona bora auze. Inaenda mnadani, na baadaye unaiona kwenye simu yako ukiwa Bariadi.

Ila bei ya kwenye simu haina kodi. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, gari ya zaidi ya miaka 10 yenye injini inayozidi cc 2000 inalipiwa ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10%, uchakavu 30%, halafu VAT 18% juu ya jumla yote. Gari ambayo TRA wameithaminisha milioni 10 ikifika bandarini, kodi peke yake inapita milioni 10 na nusu. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo ingia kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi.

Na kama unanunua hapa hapa nchini kwa mtu, jiulize: anauza kwa sababu kachoka nayo, au kwa sababu fundi kamwambia bei ya kinachofuata kuharibika?

Wenye nazo wanasemaje?

Tusiwe waongo, raha ipo. Ukitoka Lamadi kwenda Mwanza kwenye lami, Crown imetulia, haina kelele, siti ni kama kochi. Hakuna anayebisha hapo. Malalamiko yao sasa:

1. Mafuta. Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari inayokwenda kilomita 8 kwa lita itakula lita 125. Inayokwenda kilomita 15 itakula kama lita 67. Chukua shilingi 3,000 kwa lita kwa urahisi wa hesabu: ya kwanza ni 375,000, ya pili ni kama 200,000. Tofauti ni 175,000 kwa mwezi, sawa na milioni 2 na laki moja kwa mwaka. Hiyo ni mizigo mingapi ya viatu? EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, rudia hesabu kwa bei ya mwezi wako.

2. Injini zinazotaka adabu. Crown za 2003 hadi 2008 na Mark X za kipindi hicho, nyingi zina injini ya 4GR ya cc 2499. Hii nozeli zake zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo masizi hujikusanya kwenye valvu. Aliyemwaga oili kwa wakati anafurahi. Aliyerithi ya mtu aliyekuwa anaongezea tu oili, gari inatetemeka na kukosa nguvu.

3. Shokapu za upepo. Range Rover za 2002 hadi 2012, na baadhi ya Benz E-Class, hazikalii springi za chuma bali mifuko ya upepo. Mfuko ukitoboka, unaamka asubuhi gari imelala chini.

4. Kuchemsha. BMW nyingi za miaka hiyo zina sehemu za plastiki kwenye mfumo wa maji. Plastiki ikizeeka inapasuka, maji yanaisha, na ukilazimisha kufika unaua injini.

5. Fundi na spea. Hapa kwetu fundi wa Toyota za kawaida unampata kila kona. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya Benz au BMW, na anayejua maana ya anachokisoma, ni wa kumtafuta. Spea unaagiza Mwanza au Dar, unatuma hela, unasubiri basi. Ikija siyo, inarudi. Siku zote hizo gari imepaki na wewe unapanda boda.

6. Barabara. Gari hizi nyingi ziko chini, na matairi yake ni membamba ubavuni. Lami sawa. Ukiingia vijijini kipindi cha mvua kwenye udongo wetu mweusi wa mbuga, bampa linakwangua na tope linakushika.

Kinachoumiza mfanyabiashara wa Simiyu zaidi

Wateja wetu wananunua sana hela ya pamba ikitoka. Baada ya hapo mauzo yanapoa, na ukifika wakati wa kulima wateja wanapeleka hela shambani. Gari haijui msimu. Inaweza kuharibika Januari, wakati wewe unadaiwa kodi ya fremu na ada ya shule. Ukikosa akiba unachomoa kwenye mtaji, mzigo mpya hauji, wateja wanauliza bidhaa huna, wanahamia kwa mwingine. Gari inatengenezwa wiki mbili. Mteja aliyehama anaweza asirudi kabisa.

Kama bado unaitaka, fanya haya kabla ya kulipa

- Ulizia bei ya vitu vitano kabla ya kuulizia bei ya gari: shokapu za mbele, pampu ya maji, koili za plagi, betri na seti ya matairi. Jumlisha. Ukishtuka, hiyo siyo gari yako.
- Fika asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla yako. Injini ya baridi haifichi milio wala moshi.
- Kama ina shokapu za upepo, iache ilale usiku kucha, asubuhi uangalie kama imeshuka upande mmoja.
- Lipa fundi wako aichomeke mashine. Angalia pia kama taa ya injini inawaka ukifungua swichi. Isipowaka kabisa, inawezekana imezimwa makusudi.
- Kama inatoka Japani, omba karatasi ya mnada. Alama ya R au RA inamaanisha iliwahi kugongwa ikatengenezwa.
- Linganisha namba ya chesesi na kadi. Angalia deni la faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, halafu ubadili umiliki TRA. Usikae na kadi ya jina la mtu.

Nani achukue, nani aache?

Chukua kama hela ni faida iliyokaa pembeni, na baada ya kununua umebaki na angalau robo ya bei ya gari kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, na biashara inaweza kutembea hata gari ikipaki mwezi mzima.

Acha kama hela ni ya mzigo, au ni mkopo, au unataka gari ili wateja wakuone umefanikiwa. Mteja wa mtandaoni haoni umeshuka kwenye gari gani. Anaona umejibu meseji saa ngapi, mzigo umefika lini, na kama ndiyo ule wa kwenye picha. Boda na basi vinafikisha mzigo vizuri tu.

Na wewe unayeuza magari mtandaoni, andika kasoro kwenye tangazo. Mnunuzi wa Benz anajua siyo mpya. Ukimwambia ukweli atakuletea na rafiki yake.

Mwenye Crown, Benz au BMW huku kwetu, tuandikie hapo chini: mwaka jana imekula shilingi ngapi nje ya mafuta? Taja namba kamili, kuna mtu anasoma hapa na hela ya mzigo iko mkononi.