Wimbo wa Kwaya Kwenye Rekodi: Mwendo, Ufunguo na Hali Yake



Kikundi kikikubaliana kwamba kwaya yake ikarekodi nyimbo, pesa zinatoka kwenye mfuko ule ule wa karo, wa matanga na wa matibabu. Hapa Ngomeni tunajua shilingi inavyopatikana, iwe baharini au kwenye chumvi. Basi kabla hazijatoka, tuelewane juu ya mambo matatu yanayofanya rekodi ipendwe au iwekwe kando. Si mambo ya wasomi peke yao. Mama anayeimba akitwanga anayajua, ila pengine hajayapa majina.

1. MWENDO

Mwendo ni kasi ya wimbo, nao hupimwa kwa saa ya mkononi. Pigeni makofi kufuata wimbo, hesabuni makofi ya sekunde 15, halafu zidisheni kwa 4. Mkipata makofi 15, mwendo ni 60 kwa dakika: ni wa taratibu, kama watu wanaofuata jeneza. Mkipata 30, mwendo ni 120, na hapo miguu haitulii.

Mbele ya mashine ya kurekodi waimbaji wengi hushikwa na wasiwasi, wakaanza kukimbia. Maneno yanamezwa, pumzi inakatika, na msikilizaji haambulii ujumbe. Kwa hivyo chagueni mwendo mkiwa mazoezini, andikeni ile namba kwenye karatasi, mwende nayo.

2. UFUNGUO

Ufunguo ni mahali ambapo "do" inakaa. Mkipandisha "do", wimbo wote unapanda. Mkiishusha, wote unashuka. Ukiwa juu mno, sauti ya kwanza wanapiga kelele badala ya kuimba. Ukiwa chini mno, sauti ya nne wananguruma tu.

Jaribio ni rahisi. Tafuteni noti ya juu kabisa na ya chini kabisa katika wimbo. Kila mtu aimbe zile za sauti yake bila kukaza shingo. Wakishindwa, sogezeni "do". Mpiga kinanda asiwaambie kwamba ufunguo fulani ndio amezoea. Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo, vidole vikabaki pale pale. Kinanda kifuate koo za watu, si koo zifuate kinanda.

Jueni pia kwamba kwaya inayoimba bila chombo huweza kushuka kidogo kidogo bila kujijua. Kinanda kikiongezwa baadaye, havikutani. Kama mnataka kinanda, kiwepo tangu mwanzo.

Na wale wanaojifunza nyimbo kutoka kaseti za zamani wawe macho. Betri zikichoka, mkanda huenda polepole na sauti zikashuka. Mwendo na ufunguo hubadilika pamoja. Huenda mnachosikia sicho kilichoimbwa.

3. HALI YA WIMBO

Hali ni kile kinachomfikia msikilizaji moyoni: majonzi, shukrani, furaha, kuagana. Inatokana na mwendo, ufunguo, maneno, na desturi za watu wanaoimba. Tutoe mfano mmoja.

Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, nchini Kongo, kwaya ya wavulana na walimu wao iliimba Misa inayoitwa Missa Luba. Kiongozi wao alikuwa Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Ikarekodiwa, na sahani zake zikasikika Ulaya na Marekani. Maneno yalikuwa yale yale ya Misa ya Kilatini ya wakati ule. Lakini nota hazikuandikwa. Waliimba kwa kubuni pamoja, wakifuata nyimbo za kwao. "Bwana utuhurumie" waliiimba kwa namna ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. "Mtakatifu" waliipa sauti ya wimbo wa kuagana. Walipofika kwenye "Hosana", wakaingiza mapigo ya ngoma ya Kasai.

Mnaona? Maneno hayakubadilika. Waimbaji walijiuliza: sisi tukiomba huruma, tunaimbaje? Tukifurahi, tunaimbaje? Haya yalifanyika miaka 5 kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa hati yake ya Desemba 1963, iliyosema kwamba muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada.

Hapa kwetu tuna kayamba. Likitikiswa taratibu linasema jambo moja, likitikiswa kwa kasi linasema jingine. Sasa, wimbo wa kufariji wafiwa ukiwekewa mapigo ya kinanda ya mwendo wa 120 kwa sababu fundi wa studio ndiyo aliyokuwa nayo tayari, nani ataupiga penye msiba? Rekodi itakuwa imeharibika, na ile pesa haitarudi.

KABLA YA KULIPA

- Someni maneno ya kila wimbo kwa sauti, mkubaliane ni wa hali gani.
- Andikeni mwendo na ufunguo wa kila wimbo.
- Jirekodini kwa simu mara mbili au tatu, mkasikilize wote pamoja.
- Wapigieni wazee na watoto wasio wanakwaya. Waulizeni wamesikia nini, wala msiwaambie kwanza.
- Mwambieni fundi mapema: namba zetu ni hizi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni wimbo gani wa kwaya yetu ambao watu huuomba wenyewe? Mwendo wake ni makofi mangapi kwa dakika?
2. Nani huchagua ufunguo katika kwaya yetu? Je, wanaoimba sauti ya kwanza na ya nne huulizwa?
3. Wazee wetu waliimbaje wakifariji, na waliimbaje wakishukuru? Ni nani bado anajua nyimbo hizo, na tutamwendea lini?