Picha Imevuja, Je, Simu Ipo?

Aprili 2010, picha za simu isiyojulikana zilisambaa mtandaoni. Mgongo wake ulikuwa bapa, mbele ilikuwa na kamera, na pembeni ilizungukwa na mkanda wa chuma wenye mikato myembamba myeusi. Ilisemekana ni iPhone mpya ya Apple, lakini wengi waliikana papo hapo, na hoja yao kubwa ilikuwa ile mikato. Apple, walisema, ni kampuni inayosifika kwa usafi wa kazi, haiwezi kuacha viungo vikionekana namna ile.

Miezi miwili haikutimia. Tarehe 7 Juni, jijini San Francisco, Steve Jobs wa Apple alipanda jukwaani akaizindua iPhone 4, mikato ikiwa palepale, na akaeleza kazi yake: mkanda wa chuma ndio uliokuwa antena, na mikato ilitenganisha sehemu zake. Simu iliyopigwa picha ilikuwa imesahauliwa katika baa moja mjini Redwood City, California, ikiwa imevishwa kava la kuifanya ifanane na iPhone 3GS. Tovuti ya teknolojia ya Gizmodo iliipata kwa dola 5,000, ikaifungua, kisha Apple ikaandika barua kuidai. Waliotilia shaka waliitazama mikato kama pambo lililoharibika, hawakuuliza ina kazi gani.

Anayetaka kuipima picha ya namna hiyo hana budi kutenganisha maswali matatu ambayo kwa kawaida huchanganywa. Je, picha haijachezewa? Je, kilichopigwa picha ni simu kweli? Na je, simu hiyo ndiyo itakayofika dukani? Picha inaweza kufaulu la kwanza ikaanguka la pili, au ikafaulu yote mawili ikaanguka la tatu.

Swali la kwanza ndilo linaloshughulikiwa zaidi. Faili ya picha hubeba taarifa za ndani: aina ya kamera, tarehe, wakati mwingine hata mahali. Lakini WhatsApp na mitandao mingi ya kijamii huzifuta taarifa hizo picha inapotumwa, na mvujishaji mwerevu huzifuta mwenyewe asije akajulikana. Kwa hiyo zikikosekana, hilo halithibitishi lolote. Lenye faida zaidi ni kuitafuta picha yenyewe kwa Google Lens au TinEye, kwani huenda ikajitokeza picha ya zamani ya simu nyingine, mkono uleule na meza ileile. Kisha utazamwe mwanga. Kioo cha simu huakisi kilicho mbele yake, na kivuli cha kamera zilizochomoza hakina budi kuelekea upande mmoja na kivuli cha vidole. Maandishi madogo mgongoni nayo yakuzwe yasomwe, maana picha nyingi zilizotungwa na akili unde zimeumbuka hapo, ingawa programu hizo zinazidi kuimarika.

Hata hivyo, picha safi haitoshi. Mwaka 2012 kampuni ya usanifu ya Sweden, Day4, ilichora kwa kompyuta skrubu yenye kichwa cha ajabu. Wahusika wakajitumia mchoro kwa barua pepe, wakaipiga picha skrini iliyoonyesha barua hiyo, wakaipandisha Reddit wakidokeza kwamba ni skrubu mpya ya Apple. Vyombo vya habari vya teknolojia viliidaka, na mjadala ukawaka kwamba Apple inataka kuwazuia wateja kufungua vifaa vyao. Picha ilikuwa halisi kabisa, ya skrini halisi. Skrubu ndiyo haikuwepo.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia. Watengenezaji wa kava hawangoji uzinduzi. Huchonga simu za sanamu, za plastiki au alumini, kwa vipimo vinavyosemekana vimetoka kiwandani, na sanamu hizo zikipigwa picha mkononi hazionyeshi dalili ya uchakachuaji kwa kuwa hakuna uliofanyika. Kinachoziumbua ni vitu vidogo: skrini isiyowaka au yenye stika, kamera zisizo na kina, tundu la chaji lisilo na kitu ndani. Pia lipo suala la fizikia. Mwili wa chuma huzuia mawimbi ya redio, hivyo lazima pawe na mkato, plastiki au kioo cha kuyapitisha. Simu ya chuma kitupu isiyo na mkato wowote ni ndoto ya mchoraji.

Swali la tatu ndilo gumu, kwa sababu hata mvujishaji mwenye rekodi nzuri huteleza. Mei 2021 Jon Prosser, Mmarekani anayejulikana kwa kazi hiyo, alitoa michoro ya kompyuta ya Google Pixel 6. Mwezi huohuo akatoa ya Apple Watch Series 7 yenye kingo bapa. Pixel 6 ilikuja vilevile, na mkanda wake mweusi wa kamera mgongoni. Saa ilizinduliwa Septemba ikiwa na kingo za mviringo. Kabla ya hapo, Agosti, michoro mingine ya saa hiyo ilikuwa imeonyesha kingo bapa pia, na watu wakaihesabu kuwa uthibitisho. Vyanzo viwili vinavyochota kisima kimoja ni chanzo kimoja.

Ushahidi hupata uzito unapotoka njia tofauti. Mwaka 2017 zilizagaa picha za iPhone mpya yenye kitambua alama ya kidole mgongoni. Kisha Apple yenyewe ikaweka mtandaoni programu ya spika yake, HomePod, na wataalamu wakakuta ndani yake kialama cha simu isiyo na kitufe cha mbele, yenye pengo juu ya skrini. Hiyo ndiyo iPhone X iliyozinduliwa Septemba, na mgongoni haikuwa na kitambua alama. Njia nyingine ipo China: TENAA, taasisi inayoidhinisha simu kutumia mitandao, huchapisha picha na vipimo vya simu nyingi kabla hazijaingia sokoni.

Mtego mwingine ni upendeleo wa mtazamaji. Mwaka 2018 Pixel 3 XL ilivuja mno, lakini pengo la skrini yake lilikuwa pana kiasi kwamba baadhi ya mashabiki walishikilia kuwa Google inawachezea. Oktoba simu ikatoka na pengo lake lote. Mghushi ana uhuru wa kuchora kile ambacho watu wanakitamani, ilhali mhandisi anabanwa na nafasi ya kamera na spika.

Mwaka uliofuata Google ilibadili mchezo. Juni 2019, michoro ya Pixel 4 ilipoanza kusambaa, kampuni iliweka yenyewe picha ya simu hiyo Twitter, miezi minne kabla ya uzinduzi. Ilionyesha mgongo tu. Waliotaka kuijua sura ya mbele walirudi kwenye picha zilizovuja.