Nafsi Katika Habari: Mwitiko wa Msikilizaji na Umbo la Kitenzi cha Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua jinsi watu wanavyoipokea habari ya siku mara nyingi huanza na yale yanayosikika upesi: vihisishi kama loo, ala na masikini, maneno ya kusifu na ya kulaani, methali na misemo. Haya yote yana nafasi yake. Hata hivyo, yakikusanywa peke yake huacha nje sehemu kubwa ya mwitiko wa mzungumzaji wa Kiswahili. Mtu aweza kuijibu habari nzito bila kihisishi hata kimoja na bila kivumishi chochote cha hukumu, na bado kila aliyemsikia akajua kwamba ameudhika, amefurahi au amejitenga na jambo lenyewe. Swali ni je, hisia hizo zimebebwa na nini?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa kiasi kikubwa, zimebebwa na kitenzi: na kiambishi cha kiima, na kiambishi cha yambwa, na mnyambuliko. Hoja kuu ni kuwa lugha ya habari ina mazoea ya kumwondoa mtenda katika sentensi, na kwamba msikilizaji anapoijibu habari hiyo humrudisha mtenda na papo hapo kujiingiza yeye mwenyewe. Mifano imechukuliwa katika nyanja nne, yaani biashara, teknolojia, michezo na siasa. Mingi ni ya usemi wa kawaida unaosikika vijiweni, sokoni na katika daladala mijini Tanzania. Mmoja ni wa Kenya.

2.0 Habari isiyo na mtenda

Zitazamwe sentensi hizi, ambazo kila msomaji wa magazeti na msikilizaji wa redio anazifahamu:

(1) a. Bei ya mafuta imepanda.
b. Umeme umekatika.
c. Inasemekana mkataba umevunjika.

Katika (1a) bei ndiyo kiima cha kitenzi kisichoelekezwa, kana kwamba ina miguu ya kupandia. Katika (1b) na (1c) kinachofanya kazi ni kauli ya kutendeka. Ashton (1944) alikwisha kuonyesha katika sarufi yake kuwa kauli hii hueleza hali bila kuhusisha mtenda, na kwamba hapo ndipo inapotofautiana na kauli ya kutendwa. Jaribio la kawaida huthibitisha jambo hilo:

(2) a. Umeme umekatwa na shirika.
b. *Umeme umekatika na shirika.

Sentensi (2a) inakubalika kwa sababu kutendwa kunadai mtenda hata pale asipotajwa. Sentensi (2b) haikubaliki kwa sababu kutendeka hakuna nafasi ya kumweka. Ikumbukwe kwamba mwandishi wa habari anayechagua umbo hili si lazima awe na nia ya kuficha. Huenda mtenda hajulikani, au hakuna mtenda: waya unaoangushwa na mti hukatika kweli. Tatizo hutokea pale umbo hilohilo linapotumiwa kwa yale yaliyoamuliwa na watu.

Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 nchini Tanzania ni mfano unaofaa. Ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa, na kwa kiasi hicho kusema kuwa umeme ulipungua au ulikatika kulikuwa sahihi. Lakini katika jitihada za kupata umeme wa dharura ulifungwa mkataba na kampuni ya Richmond, na taarifa ya Kamati Teule ya Bunge iliyosomwa Februari 2008 ikaonyesha kwamba mkataba huo ulikuwa na watu, maamuzi na sahihi. Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alijiuzulu mwezi huohuo. Kauli ya kutendeka ilitosha kueleza kina cha maji. Haikutosha kueleza mkataba.

3.0 Kurudishwa kwa mtenda na kuingizwa kwa nafsi

Msikilizaji aliyesikia (1a) na (1b) hazirudii kama zilivyo. Akiwasimulia wenzake husema:

(3) a. Wametupandishia bei.
b. Wametukatia umeme.

Mabadiliko yaliyotokea yaweza kuonekana kwa kuvichambua vitenzi hivyo:

(4) a. wa-me-tu-pand-ish-i-a
b. wa-me-tu-kat-i-a

Katika (4a) yamefanyika mambo matatu. Kwanza, bei imeondolewa katika nafasi ya kiima na kuwekwa wa-, kiambishi cha watu. Pili, mzizi -pand- umepewa kiambishi cha kutendesha, -ish-, na hivyo kupanda kumekuwa jambo lenye msababishaji. Tatu, kauli ya kutendea, -i-, imefungua nafasi ya yambwa, na nafasi hiyo imekaliwa na tu-, yaani msemaji na wenziwe. Kauli ya kutendea kwa kawaida huonyesha kuwa jambo limefanywa kwa faida ya mtu, kama katika amenipikia. Hapa imebeba kinyume chake, yaani hasara. Habari iliyohusu bei sasa imekuwa habari inayohusu watu wa aina mbili, waliotenda na waliotendewa. Uchungu wote wa msemaji umo humo, wala hakuhitaji kusema loo.

Hali kadhalika, tozo ya miamala ya simu iliyoanza kutozwa Tanzania tarehe 15 Julai 2021 ilitajwa rasmi kwa nomino: tozo, makato, miamala. Nomino hizi zote zimetokana na vitenzi au zinataja matendo, lakini kwa kuwa ni nomino hazilazimiki kuonyesha nani anamtoza nani. Mwitiko wa watu uliirudisha nomino katika kitenzi:

(5) Nimetuma hela kwa mama, wamenikata.

Ni muhimu kutambua kwamba katika (5) hakuna kauli ya kutendea. Msemaji hasemi wamenikatia, bali wamenikata. Ni- ndiyo yambwa ya moja kwa moja ya -kata. Kilichokatwa, kwa mujibu wa sarufi, si fedha bali ni mtu. Tozo hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo baada ya malalamiko mengi.

Katika teknolojia utaratibu huu una sura ya pekee, kwa sababu mtenda anayerudishwa mara nyingine ni mashine yenyewe:

(6) a. Kompyuta imenigomea.
b. Simu imenilia hela.

Vitenzi -goma na -la vinadai kiumbe chenye utashi au tumbo. Lakini upatanisho wa kisarufi haukubadilika: msemaji hasemi amenigomea bali imenigomea. Kitenzi kimeipa mashine nia, na kiambishi cha ngeli kimeibakiza kuwa kitu. Hapa kuna mwitiko wa hali ya juu. Msemaji anaonyesha kwamba ametendewa kama anavyotendewa na mtu mkaidi, na wakati huohuo anaonyesha kwamba hakuna mtu wa kumlalamikia. Mhudumu anapomwambia mteja kuwa mtandao unasumbua, mteja aliyesafiri nusu siku kufuata huduma hubaki na ugomvi na kitu kisichojibu.

4.0 Michezo: tu- na wa-

Katika michezo suala la nafsi ni wazi zaidi. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walielekea zaidi kutumia nafsi ya kwanza wingi timu yao iliposhinda kuliko iliposhindwa. Mzungumzaji wa Kiswahili ana jambo hilo ndani ya kila kitenzi, kwani kitenzi kikuu cha Kiswahili hudai kiambishi cha kiima. Ana njia tatu:

(7) a. Timu imefungwa.
b. Tumefungwa.
c. Wamefungwa.

Ya kwanza ni ya mtangazaji. Ya pili ni ya mwanachama anayekubali kubeba aibu pamoja na wachezaji. Ya tatu, ikitoka kinywani mwa shabiki wa timu hiyohiyo, ni kujitenga: jana walikuwa sisi, leo ni wao.

Mechi za Simba na Yanga hutoa ushahidi mwingi. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Tarehe 6 Mei 2012 Simba ilikuwa imeifunga Yanga 5 kwa 0, na Julai 1977 iliifunga 6 kwa 0. Shabiki wa upande ulioshinda husema tumewafunga, au tumewapiga mkono, kwa hesabu ya vidole vitano, na viambishi tu- na -wa- vikakaa katika kitenzi kimoja kama timu mbili uwanjani. Mtani wake naye hupelekewa nafsi ya pili: mmefungwa, poleni. Neno poleni, ambalo asili yake ni faraja, hapa ni mkuki. Kinacholigeuza si maana yake ya kamusi bali ni uhusiano wa utani kati ya anayelitamka na anayelipokea. Utani huo ndio unaoruhusu mtu kumkabili mwenziwe kwa nafsi ya pili bila ugomvi.

Timu ya taifa huunganisha kile ambacho klabu zimekigawa. Machi 2019 Tanzania ilipoifunga Uganda 3 kwa 0 na kufuzu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu zile za 1980, waliosema tumefuzu walikuwa pamoja na watu wasiopenda mpira kabisa.

5.0 Siasa: nafsi ya pili, na kiambishi kilichopokewa vibaya

Siasa hutumia njia zote zilizokwisha kutajwa, lakini huongeza moja: mtu anayezungumzwa na habari katika nafsi ya tatu hugeuziwa uso na kuambiwa katika nafsi ya pili. Nchini Kenya, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha ya Juni 2024, Rais William Ruto aliitwa Zakayo, mtoza ushuru wa Injili ya Luka aliyepanda mti, na akaambiwa ashuke. Mwito wenyewe ulikuwa na nomino ya kuitia na kitenzi cha amri cha umoja: Zakayo, shuka. Hakuna kiambishi cha heshima, hakuna cheo, hakuna kauli ya kutendeka. Kitenzi -shuka nacho kilichaguliwa kwa akili, maana kilijibu pamoja kisa cha Biblia, kodi zilizopanda na cheo cha aliyeambiwa. Watu waliuawa katika maandamano hayo. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kuwa hatatia sahihi mswada huo.

Mwitiko waweza pia kuzuka si kwa tukio bali kwa kiambishi. Aprili 2008 waziri mmoja wa Tanzania alipoulizwa kuhusu fedha zaidi ya dola milioni moja zilizoripotiwa kuwa katika akaunti kisiwani Jersey, aliziita vijisenti. Siku chache baadaye alijiuzulu. Neno hilo, vi-ji-senti, lina udogoshi ulioongezewa -ji-. Katika adabu ya Kiswahili kudogosha cha kwako ni unyenyekevu: mwenye nyumba kubwa humkaribisha mgeni katika kibanda chake. Lakini unyenyekevu huo hufaa pale tu ambapo msikilizaji hawezi kupimwa kwa kipimo hichohicho. Kama dola milioni ni vijisenti, mshahara wa mwalimu ni nini? Wasikilizaji walijiweka wenyewe ndani ya kipimo kile, na udogoshi ukawaangukia wao. Neno hilo limebaki katika usemi kwa maana mpya, yaani fedha nyingi ambazo mwenyewe anazidharau.

6.0 Udhaifu wa wa-

Isidhaniwe kwamba sentensi ya msikilizaji daima ni ya kweli kuliko ya mtangazaji. Kiambishi wa- katika wametupandishia kina mtenda, lakini hakina jina. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya mafuta ilipanda katika nchi nyingi. Tanzania, ambako EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Kenya, ambako EPRA hufanya vivyo hivyo, mwenye kituo hana ruhusa ya kuuza zaidi ya kikomo. Je, wa- ni nani? Ni mwenye kituo, mamlaka, serikali yenye kodi zake, au soko la dunia? Aliyetukanwa mara nyingi alikuwa yule aliyekuwa karibu, aliyeshika bomba la mafuta mkononi.

Hivyo basi, kutendeka kwa habari na wa- ya mwitiko vina upungufu unaofanana. Kimoja hufuta nafasi ya mtenda. Kingine huifungua bila kuijaza, na uvumi ukapata pa kukaa. Sentensi inayokidhi haja ni ile iliyo ngumu zaidi kuitamka, kwa kuwa humlazimu msemaji awe na uhakika: Wizara imepandisha ushuru, kampuni fulani haikutimiza mkataba.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mwitiko wa mzungumzaji wa Kiswahili kwa habari hukaa katika nafsi na mnyambuliko kabla ya kukaa katika maneno ya hisia. Jambo hili lina athari mbili. Katika ufundishaji, mwalimu anayekata wametupandishia bei katika insha na kuandika bei imepanda, kwa hoja kuwa ndiyo lugha ya kistaarabu, anamfundisha mwanafunzi kufuta mtenda bila kumwambia kwamba amefuta kitu. Ingefaa zaidi amwulize: wa- hii ni nani? Katika utafiti, anayehesabu vihisishi na vivumishi peke yake atahitimisha kwamba watu waliipokea habari kwa utulivu, ilhali viambishi vyao vinasema vingine.

Bado haijulikani muundo huu una umri gani. Barua za wasomaji katika Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Mwandishi wa barua wa enzi ya ukoloni alikuwa na sababu nyingi za kuepuka wa-, na pale atakapoonekana ameitumia patastahili kusomwa kwa makini.