Je, Wajua? Anachokitafuta Daktari kwa Rubani Mwanafunzi

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa urubani anaweza kukaa darasani, na hata kupaa akiwa na mwalimu wake, kabla hajapimwa afya, lakini haruhusiwi kurusha ndege peke yake mpaka awe na cheti cha afya cha daraja la pili? Sharti hilo ni la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake tangu 1962. Msimamizi wake hapa nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Madaraja yako matatu: la kwanza kwa marubani wa biashara, la pili kwa wanafunzi na marubani binafsi, la tatu kwa waongoza ndege.

Hapo kuna jambo zito kwa mzazi wa Ilomba, Mbeya, anayefikiria kuuza kiwanja au kutoa fedha ya mpunga wa Usangu ili mwanawe akasome urubani. Kijana apimwe kwanza, ada ifuate. Na kama nia yake ni kuajiriwa na shirika la ndege, apimwe kwa viwango vya daraja la kwanza tangu mwanzo. Inauma sana mtu kumaliza mamilioni ya ada kwa cheti cha daraja la pili, kisha akaambiwa moyo au masikio yake hayafiki daraja la juu.

Kipimo chenyewe hakifanywi na daktari yeyote. Lazima awe ameidhinishwa na mamlaka kwa kazi hiyo, kwa hiyo barua nzuri kutoka hospitali ya jirani haitoshi, hata iwe na mihuri mingapi.

Je, wajua kwamba miwani haimzuii mtu kuwa rubani? Vijana wengi wamekata tamaa kwa uvumi tu kwamba inazuia. Kwa daraja la pili, kila jicho linatakiwa kufikia 6/12, yaani kusoma ukiwa mita 6 herufi ambazo mwenye macho mazima huzisoma akiwa mita 12. Macho mawili kwa pamoja yafike 6/9. Daraja la kwanza linadai 6/9 kwa kila jicho na 6/6 kwa yote mawili. Kote huko miwani inaruhusiwa, mradi uivae unaporuka na uwe na nyingine ya akiba karibu nawe. Ubao ule wa herufi zinazopungua ukubwa ni kazi ya Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, aliyeutoa mwaka 1862.

Rangi ndizo huwashtua wengi zaidi, kwa sababu mtu anaweza kufika kidato cha sita bila kujua kwamba hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Daktari hufungua kitabu chenye duara za vitone vya rangi, na ndani ya vitone kuna tarakimu. Kitabu hicho kilianzishwa na Shinobu Ishihara wa Japani mwaka 1917. Kasoro hii hurithiwa kwa njia inayowapata wanaume mara nyingi zaidi kuliko wanawake. Umuhimu wake unaonekana ndege inapokaribia kutua. Kando ya njia ya kurukia viwanja vingi vina taa 4 zinazomwonyesha rubani kimo chake: 2 nyeupe na 2 nyekundu, yuko sawa, zote nyeupe, yuko juu mno, zote nyekundu, yuko chini mno na ardhi inamkaribia. Redio ikifa, mwongoza ndege humulika taa kutoka mnarani: kijani isiyokatika inamruhusu kutua, nyekundu isiyokatika inamwambia awapishe wengine na aendelee kuzunguka. Anayeshindwa kitabu cha Ishihara bado anaweza kupewa kipimo kingine cha taa za rangi, na akishindwa hicho pia, zipo nchi zinazompa cheti cha kuruka mchana tu.

Kila aliyeteremka kwa basi kutoka Uyole kupitia Tukuyu hadi Kyela anajua masikio yanavyoziba na kuzibuka njiani. Ndicho daktari anachokichunguza anapokwambia ubane pua, ufunge mdomo na upulize taratibu huku akichungulia ngoma ya sikio. Anataka kuona kama mrija unaounganisha sikio la kati na koo unapitisha hewa. Mbinu hiyo ina jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Italia aliyefariki 1723, miaka 60 kabla binadamu wa kwanza hawajapaa kwa puto. Mrija ukiziba kwa mafua, maumivu huwa makali zaidi wakati wa kushuka, saa ileile rubani anapohitaji akili yake yote. Usikivu wenyewe, kwa daraja la pili, unaweza kupimwa kwa njia rahisi kabisa: unampa daktari mgongo, anasimama mita 2 nyuma yako na kuzungumza kwa sauti ya kawaida. Daraja la kwanza linataka mashine.

Mkojo je? Wengi hudhani unatafutiwa bangi. Kipimo cha kawaida hutafuta sukari, inayoashiria kisukari, na protini, inayoashiria figo kuumwa. Presha hupimwa, mapafu husikilizwa, tumbo hubonyezwa. Umeme wa moyo hupimwa tangu siku ya kwanza kwa daraja la kwanza. Kwa daraja la pili husubiri mpaka mtu avuke miaka 40. Hakuna urefu wala uzito uliowekwa katika viwango vya ICAO, na kovu la utotoni halina neno.

Swali linalofunga vipimo vyote hivi ni moja: je, mwili huu unaweza kumwangusha mwenyewe ghafla akiwa angani? Ndiyo maana kifafa na kisukari kinachohitaji sindano za insulini huhesabiwa vizito kuliko mguu mfupi au meno yaliyopungua.

Je, wajua kwamba abiria aliye kilometa 11 angani huvuta hewa nzito kuliko mchungaji wa Kitulo? Ndege kubwa za abiria hujazwa hewa ili ndani yake pasizidi hali ya mlima wa mita 2,438. Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600. Ilomba yenyewe iko kama mita 1,700, kwa hiyo wakazi wake wamezoea hewa nyepesi kuliko watu wa Dar es Salaam. Mazoea hayo yana mpaka. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto la Zénith hadi zaidi ya mita 8,000. Walikuwa na mifuko ya oksijeni, lakini walilegea kabla ya kuifikia, na wawili wakafa. Ukosefu wa oksijeni hauumi. Humpa mtu furaha ya uongo huku ukimnyang'anya akili.

Kwa sababu hiyo damu nayo huulizwa habari zake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu. Mgonjwa wa selimundu huwa hatarini oksijeni inapopungua. Aliyerithi vinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu ana hali tofauti kabisa, na asikubali kuhesabiwa mgonjwa. Mwaka 1981 chuo cha jeshi la anga cha Marekani kilifuta marufuku yake dhidi ya vijana wa namna hiyo.

Nalo suala la VVU, ambalo familia nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zinalijua kwa karibu, lisemwe waziwazi. Kiwango cha ICAO kinataka hali ya mtu ichunguzwe kwa kina. Ikionekana haitaathiri kazi yake, anaweza kupewa cheti. Mjamzito asiye na matatizo anaweza kuruka tangu mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26.

Fomu ya maswali hujazwa kabla ya vipimo, na hapo ndipo pa kuwa mkweli kuliko popote. Kuzimia ukiwa shule ya msingi, degedege la utotoni, dawa za usingizi, kulazwa kwa msongo wa mawazo: andika. Mengi ya haya yana njia ya kutatuliwa kwa barua ya mtaalamu au kwa kusubiri miezi kadhaa, ilhali kuficha kunaweza kukunyima leseni hata baada ya miaka.

Cheti cha daraja la pili hudumu miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40, kisha muda hupungua. Umri mkubwa wenyewe haumfungii mtu mlango: Anne Spoerry, daktari aliyewahudumia wagonjwa wa Kenya kwa ndege yake mwenyewe, alijifunza urubani akiwa na miaka 45. Na katikati ya muda huo wa cheti, rubani mwenye mafua aliyemeza Piriton, dawa inayoleta usingizi, anabaki chini.