Msomi Asiyemaliza Tasnifu: Upokezi wa Filamu ya Hamoun na Mtazamaji wa Goma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi filamu ya Hamoun, iliyoongozwa na Dariush Mehrjui wa Iran, ilivyopokewa na hadhira yake, na kuonyesha milango ambayo mtazamaji wa Goma anaweza kuipitia filamu hiyo. Swali letu la msingi ni hili: kwa nini watu wampende msomi anayeshindwa? Katika Kivu ya Kaskazini swali hili si la anasa. Mzazi anayeuza ng'ombe ili mwanawe apate shahada ana haki ya kuuliza shahada hiyo itamfanya mwanawe kuwa mtu wa namna gani.

2.0 Filamu na hadhira yake ya kwanza

Mehrjui alizaliwa mwaka 1939 na kusomea falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Filamu yake ya Gaav (1969), yaani "Ng'ombe", ilimpatia sifa nje ya nchi yake. Hamoun ilitengenezwa mwaka 1989 na kuonyeshwa katika tamasha la Fajr, Tehran, mwaka 1990. Mehrjui aliuawa yeye na mkewe, Vahideh Mohammadifar, nyumbani kwao karibu na Karaj mwezi Oktoba 2023.

Mhusika mkuu, Hamid Hamoun, aliyeigizwa na Khosrow Shakibai, ameajiriwa katika kampuni ya biashara huku akijaribu kuandika tasnifu juu ya Ibrahimu na imani. Kitabu kinachomsumbua ni kile cha Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, kuhusu baba aliyeamriwa kumtoa mwanawe sadaka. Mkewe Mahshid, mchoraji, anadai talaka. Hamoun anakataa, anamtafuta rafiki yake wa zamani Ali Abedini ili apate uongozi, anashika bunduki, na hatimaye anajitosa baharini. Anaokolewa, lakini baada ya ndoto nyingi zilizotangulia, mtazamaji anabaki na shaka juu ya wokovu huo.

Filamu ilipata tuzo kadhaa huko Fajr, na katika kura iliyoendeshwa na jarida la Film la Tehran mwaka 1997 ilitajwa kuwa filamu bora kuliko zote za Iran. La ajabu zaidi ni mapenzi ya watazamaji wa kawaida. Wako walioirudia mara nyingi hata wakahifadhi mazungumzo yake kwa moyo. Baadaye mwongozaji Mani Haghighi alitengeneza filamu ya hali halisi juu ya mashabiki hao.

Sababu haiko mbali. Vita vya miaka minane kati ya Iran na Iraki vilikuwa vimekoma mwaka 1988. Kwa muda wa mwongo mzima hadhira ilikuwa imeonyeshwa mashujaa na mashahidi waliojua wanachokifia. Mbele yao sasa alisimama mtu mwenye vitabu vingi na yakini chache, mkali, mchekeshaji, mwoga. Wengi walijiona ndani yake.

3.0 Ndugu zake Hamoun katika fasihi yetu

Msomaji wa Kiswahili alikwisha kukutana na mtu wa aina hii. Kazimoto, msimulizi wa riwaya ya Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeuona ulimwengu kuwa mtupu na ambaye mwishowe anajiua. Kezilahabi (1944-2020), kama Mehrjui, aliishughulikia falsafa kwa dhati. Upokezi wao, hata hivyo, ulitofautiana. Wahakiki wengi walisifu ufundi wa Kezilahabi lakini wakalaumu udhanaishi wake na hali ya kukata tamaa. Ilikuwa miaka saba tu baada ya Azimio la Arusha, na msomi alitazamiwa kuwa mtumishi wa umma. Msomi aliyepotea alionekana kama deni lisilolipwa.

Kutokana na ulinganisho huu twaweza kusema kwamba hadhira haimpimi msomi wa hadithi kwa tabia yake peke yake. Humpima kwa kile inachoamini kuwa msomi anadaiwa na jamii. Tehran ya mwaka 1990 ilikuwa imechoshwa na madai. Dar es Salaam ya mwaka 1974 ndiyo kwanza ilikuwa inayatoa.

Kongo nayo ina mifano yake. Katika riwaya ya L'Écart (1979) ya V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, Ahmed Nara anaandika tasnifu juu ya historia ya Wakuba, na akili inamvurugika kabla hajaimaliza. Katika filamu ya Juju Factory (2007) ya Balufu Bakupa-Kanyinda, mwandishi Kongo anaishi Brussels na kuandika kitabu juu ya mtaa wa Matonge, huku akivutana na mchapishaji anayetaka kitabu cha namna nyingine. Hamoun, Nara na Kongo wote wana maandishi ambayo hayakubali kukamilika kwa urahisi.

4.0 Mtazamaji wa Goma

Goma imekuwa na tamasha lake la filamu tangu miaka ya 2000, lililoanzishwa na kituo cha Yole!Africa, kwa hiyo mazoea ya kutazama pamoja na kujadili si mageni. Hamoun inaweza kuingia mjini humo kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni Ibrahimu. Mkristo anamjua pamoja na Isaka, Mwislamu anamjua pamoja na Ismaili. Fumbo ambalo Hamoun anahangaika nalo vitabuni, mtazamaji wa Goma amelisikia kanisani au msikitini tangu utotoni.

Mlango wa pili ni ndoa. Filamu inasimuliwa kutoka upande wa mume, na sheria ya nchi yake ilimpa mume nguvu kubwa juu ya talaka. Mtazamaji anaweza kuuliza Mahshid angeisimuliaje hadithi hiyo. Kwa Mkongo swali hilo liko karibu: Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria, sharti lililoondolewa mwaka 2016.

Mlango wa tatu, ulio mwembamba zaidi, ni lugha. Filamu ni ya Kiajemi, na tafsiri ya Kifaransa chini ya picha humfikia aliyesoma tu. Lakini Afrika Mashariki ina ufundi wake: watafsiri wa video kama Lufufu wa Dar es Salaam, wanaosimulia filamu kwa sauti huku wakieleza na kutania. Katika Kongo ya ukoloni pia wamisionari waliwaweka wafafanuzi kando ya turubai. Msimulizi wa namna hiyo angelazimika kumweleza Kierkegaard kwa Kiswahili cha Goma. Kazi hiyo ingekuwa uhakiki kamili.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba filamu moja ya msomi aliyevurugikiwa huweza kuamsha kujitambua mahali pamoja na lawama mahali pengine, kwa kutegemea deni ambalo jamii inamdai msomi. Goma, iliyopitia lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021 na kutekwa na M23 Januari 2025, inamdai msomi wake mengi, nayo inajua vema jinsi mtu anavyoweza kuvunjika. Huenda basi mtazamaji wake akamlaumu Hamoun na kumhurumia kwa pumzi moja. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi hapa: kumtafsiri Hamoun, kumweka kando ya Kazimoto, na kusikiliza hadhira itasema nini.